SOMO LA MWEZI: MAJI YA JIRANI NA FEDHA ZA PAMOJA



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa zaidi ya mara moja: "Bahari yaingia makondeni, visima vyageuka chumvi, na twasikia kuna fedha za dunia kwa ajili ya mambo haya. Mbona hazitufikii?" Swali hili ni la haki, na jibu lake halitoshi kwa maneno mawili. Tumeona afadhali tulitafute mbali kidogo, kwa wakulima wenzetu wa Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Wao hawana bahari, lakini wana maji wanayoshirikiana na majirani kama sisi.

Mbinga ni nchi ya milima mikali. Wenyeji wake ni Wamatengo, na kahawa kwao ni kama karafuu kwetu. Tangu zamani, kabla ya kuja Wajerumani, hulima kwa ngoro. Hukata majani, huyalaza kwa mistari ya kupandana, kisha huyafunika kwa udongo wanaouchimba katikati, hata mlima mzima ukawa vishimo vilivyozungukwa na matuta. Mvua inyeshapo, maji hukaa shimoni, nayo majani huoza yakawa mbolea. Udongo haushuki, wala mto haujai matope.

Chini ya milima hiyo liko ziwa, na miji ya Liuli na Mbamba Bay. Zamani ukanda huo ulikuwa sehemu ya Mbinga; leo ni Wilaya ya Nyasa. Ziwa lenyewe ni la nchi tatu: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, Mto Shire, uendao kuungana na Zambezi. Na juu ya mto huo Malawi imejenga mabwawa yanayoipatia sehemu kubwa ya umeme wake.

Hapa yafaa tufahamu jambo moja. Maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kukaushwa na jua, si kwa kutoka mtoni. Kwa hiyo mvua zikipungua kidogo tu, mto huumia sana. Kuanzia mwaka 1915, kwa muda wa miaka kama 20, ziwa halikutoa maji ya maana katika Shire. Kinyume chake nacho ni msiba: Januari 2022 tufani Ana, iliyotoka katika Bahari hii hii ya Hindi, ilileta mafuriko yaliyoharibu bwawa la umeme la Kapichira.

Basi mkulima wa Mbinga achimbaye ngoro hulinda shamba lake, na papo hapo hulinda maji yaendayo kwa jirani asiyemjua. Jembe ni lake na jasho ni lake, bali faida ni ya wengi. Ndiyo sababu ya haki ya kuwapo fedha za pamoja: si sadaka kwa mkulima, ni malipo ya kazi inayomfaa na mwingine.

Lakini fedha hizo zina mlango wake. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioanzishwa mwaka 2010, hautoi fedha kwa mkulima mmoja mmoja wala kwa chama kama chetu moja kwa moja. Maombi hupitia taasisi iliyoidhinishwa. Kwetu Benki ya CRDB ilipata idhini hiyo mwaka 2019. Tena hutakiwa barua ya serikali kwamba haina pingamizi, na kwa Tanzania mwenye kuitoa ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Mradi ukiwa wa nchi tatu, barua ni tatu. Ikikosekana moja, kazi ya wote husimama.

Na majirani wa Nyasa wana ugomvi wa mpaka. Chanzo chake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule ule ulioziweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wa Waingereza. Ugomvi ukaamka tena mwaka 2012, ukapelekwa kwa viongozi wastaafu wa Afrika, mbele yao Bwana Joaquim Chissano, wasuluhishe.

Je, walingoja ugomvi uishe ndipo wafanye kazi? La. Kaskazini ya ziwa, Mto Songwe huhamahama, na mpaka wa Tanzania na Malawi hufuata mto huo. Serikali mbili zilikaa, zikachanga, zikasaidiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kupima na kuchora bwawa la umeme wa kiasi cha megawati 180, pamoja na mashamba ya kumwagilia kila upande. Mwaka 2017 zikatia saini mkataba wa kuunda kamisheni moja ya bonde hilo. Kutafuta fedha za kujengea kulichukua miaka mingi hata baada ya hapo, nasi hatutaki kuwadanganya kwamba saini ni bwawa. Lakini asiye na meza ya pamoja hata maombi hana pa kuyaandikia.

Turudi kwetu. Bahari iliyoingia makondeni Kisiwa Panza haikuuliza mpaka, na mikoko ya Vanga, Kenya, na ya Jasini, Tanzania, hunyweshwa na bahari moja. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 umekwisha kuzikutanisha nchi za bahari yetu. Meza ipo. Kinachokosekana ni hesabu zetu. Hakuna mfuko utakaotoa shilingi kwa neno "maji yamezidi". Yamezidi kiasi gani, tangu lini, na mikarafuu mingapi imekufa?

Kwa hiyo tunayaomba matawi yazungumze maswali haya, na majibu yaandikwe daftarini:

1. Ni nani tawini atakayepima mvua kila siku na kuiandika?
2. Ni makonde na visima vipi vilivyoingiwa na chumvi, na tangu mwaka gani?
3. Kila mwanachama aweza kuchanga nini, fedha au siku za kazi?

Haba na haba hujaza kibaba. Nasi kibaba chetu cha kwanza ni daftari.

Katibu