Kufuga Makundi Mawili ya Kuku Eneo Moja: Anza kwa Wadogo, Malizia kwa Wakubwa

Vijana wengi ninaowatembelea hufika hatua hii: kuku wa mayai wana miezi 15 au 16, utagaji unashuka, na mwenyewe anataka kuingiza vifaranga mapema ili wateja wasikose mayai. Kibiashara ni wazo zuri. Shida inaanza pale anapogawa banda katikati kwa wavu, kisha ananiambia, "Afisa, nimeshawatenganisha."

Hapana ndugu yangu. Wavu unazuia kuku, hauzuii ugonjwa.

Kwa nini wakubwa ni hatari kwa wadogo?

Kuku mkubwa anaweza kuonekana mzima kabisa kumbe amebeba vimelea. Aliyeugua mafua akapona bado anaweza kuambukiza wengine. Vimelea vya kuhara damu hutoka na kinyesi chake, na maranda yakiwa na joto na unyevu, ndani ya siku moja au mbili viko tayari kuambukiza. Yeye ana kinga, hata hutajua. Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 ndiye anayekufa.

Na anayevusha ugonjwa mara nyingi ni wewe mwenyewe: viatu, nguo, mikono, ndoo, chepe na trei za mayai.

Fanya hivi

1. Jenga mabanda mawili, mbali kadiri eneo linavyoruhusu. Wadogo wakae upande upepo unakotokea, ili vumbi la wakubwa lisiwafikie.

2. Kila banda liwe na gambuti, koti, ndoo na chepe lake. Paka rangi tofauti ili kijana wako wa kazi asichanganye.

3. Kila siku anza kuhudumia wadogo, malizia kwa wakubwa. Kukiwa na wagonjwa, hao wawe wa mwisho kabisa. Ukilazimika kurudi kwa wadogo, nawa kwa sabuni, badili nguo na viatu.

4. Weka beseni la dawa ya kuua vimelea mlangoni. Sugua kinyesi kwanza ndipo ukanyage, maana dawa haifanyi kazi vizuri kwenye uchafu. Ibadilishe ikichafuka.

5. Usichanganye chakula. Chakula cha kutagia kina kalsiamu karibu asilimia 4, cha kukuzia karibu asilimia 1. Mtetea ambaye hajakaribia kutaga akilishwa cha kutagia kwa muda mrefu, figo zinaharibika. Mtagaji naye akila cha kukuzia, maganda yanakuwa laini.

6. Kila kundi lichanjwe kwa umri wake. Andika daftari mbili.

Usisahau kundi la tatu

Wale kuku watano wa kienyeji wa mama wanaozurura uani nao ni kundi. Wanatembea kwa jirani na kurudi na kideri. Wape chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi 3, na uwazuie kusogelea mabanda.

Je, niwaunganishe baadaye?

Mimi nashauri usiwaunganishe. Kuku wa mayai anakula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 200 wanamaliza kilo 24. Piga hesabu kila wiki. Mayai yakishindwa kulipia chakula hicho, uza kundi lote. Toa maranda, osha banda, piga dawa, liache tupu wiki 2 au zaidi ndipo uingize wengine.

Ukinunua mitetea wakubwa kutoka kwa mfugaji mwingine, watenge wiki 4 kabla hawajasogea karibu na kuku wako, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni wazima.

Ukiona kuku wanakohoa, wanaharisha au wanakufa ghafla kwenye banda moja, usiingie la pili. Mpigie kwanza afisa mifugo wa kata yako.