Usikate Negativu ya Babu

Kabla ya kununua dawa wala karatasi, shika rula upime. Negativu ya sentimita 6.5 kwa 11 huwa ni ya filamu ya 116 au 616 ya Kodak, zilizoacha kutengenezwa mwaka 1984. Ya sentimita 8 kwa 14 ni ya 122, saizi ya postikadi. Mashine nyingi za nyumbani za kukuzia picha hukomea 6 kwa 9, ndipo wengine hushika mkasi. Usikate. Picha nyingi za kamera hizo zilisafishwa kwa ukubwa uleule wa negativu, bila kukuzwa. Nawe fanya hivyo.

Kwanza soma ukingo wa filamu. Ikiwa ni ya kabla ya 1950 na haina neno SAFETY, ihesabu kuwa ya nitrati: ikishika moto, hata maji hayaizimi. Iweke mbali na joto.

Zima taa, washa nyekundu. Laza karatasi ya picha, upande wenye dawa ukitazama juu. Juu yake weka negativu, upande uliofifia chini na unaong'aa juu, kisha igandamize kwa kioo kizito kisicho na vumbi. Kioo hunyoosha hata filamu iliyojikunja.

Mwanga wa mashine yako unatosha. Anza na kipande cha majaribio: kifunike kwa kadi nyeusi, uifunue kidogo kidogo kila sekunde mbili, kisha chagua mstari ulio sawa. Negativu yenye weusi mzito na weupe mkali itake filta ya namba ndogo, 0 au 1. Iliyofifia, 4 au 5.

Dawa ya kutolea picha iwe digrii 20. Mwambao joto huzidi hapo, basi weka trei ndani ya beseni la maji ya barafu. Karatasi ya plastiki hukaa humo kama dakika moja. Dawa ya kukaza fuata lebo yake, kisha suuza.

Ukitaka picha kubwa, tafuta mashine ya inchi 4 kwa 5 yenye lenzi ya milimita 135 au 150. Negativu ya 116 ishikwe kati ya kadi mbili nyeusi zilizotobolewa dirisha la saizi yake. Ile ya 122 haienei hata humo. Hiyo ibaki ya kioo.