Usikimbilie Jina la Chuo, Ikague Digrii Yenyewe



Wadogo zangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Masoko na kule Busokelo, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, meseji zenu huwa zinafanana: "Dada, nimepata pointi hizi, niombe chuo gani?" Ni wachache mno wanaoniuliza kozi yenyewe inafundishwaje, na nani, na waliomaliza wanafanya nini. Mnataka jina la chuo. Kama si jina, basi mnataka chuo kilicho karibu, Mbeya mjini, ili wikiendi mrudi nyumbani kula ndizi za mama. Sina ugomvi na ndizi za mama. Ninachosema ni kwamba kuna hatua mnairuka.

Mnunuzi wa parachichi akiingia shambani kwenu habebi kila tunda. Anaangalia ukubwa, anageuza kutafuta michubuko, yenye kasoro anayaacha pale pale, na baba wala haoni kwamba ametukanwa. Sasa wewe unayekwenda kulipa ada ya miaka mitatu au minne, mbona unaona aibu kuigeuza digrii uiangalie?

Niwakumbushe ya Oktoba 2022. Yalitoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hii tunayoiita Law School, ambako mwenye digrii ya sheria hupita kabla ya kuwa wakili. Watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakadisko. Nchi nzima ikashtuka. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati, mwenyekiti akiwa jirani yetu wa Kyela, Dkt. Harrison Mwakyembe. Wapo walioilaumu Law School kwa ugumu wake, wapo waliowalaumu wanafunzi kwa uvivu. Lakini swali moja liligoma kuondoka: watu hawa wote walikuja na digrii mkononi, tena kutoka vyuo vinavyotambulika. Huko vyuoni walifundishwa nini, na nani aliyekagua?

Mkaguzi yupo. Ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005. Hiyo hutoa ithibati kwa chuo, kisha hukagua kila programu peke yake: mtaala, walimu, maabara, maktaba. Na ikikasirika inakasirika kweli. Februari 2016 ilifuta vibali vya vyuo vishiriki viwili vya Chuo Kikuu cha St. Joseph vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Mwaka 2017 ikavizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Mwaka huo huo, katika vyuo vingine 22, ilisimamisha udahili kwenye programu 75 tu, huku programu nyingine za vyuo hivyo zikiendelea kama kawaida. Hapo ndipo nilipotaka mfike. Chuo kimoja kinaweza kuwa na programu imara na programu mbovu kwenye korido moja. Ndiyo maana nasema jina la chuo halitoshi.

Haya, unaikaguaje ukiwa Tukuyu na simu yako ya kupangusa?

Kwanza, fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu. Usitumie wa mwaka jana uliotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Itafute programu yenyewe kwa jina lake kamili: sifa za kujiunga, miaka ya masomo, idadi ya nafasi. Kama chuo kinaitangaza redioni na kwenye mwongozo haimo, funga mjadala.

Pili, ingia kwenye tovuti ya idara husika uhesabu walimu. Wangapi ni waajiriwa wa kudumu? Wangapi wana shahada ya uzamivu, na ni katika fani hiyo hiyo au fani ya jirani? Idara yenye wanafunzi mamia na walimu wanne, tena nusu yao wanakuja mara moja kwa wiki, haitapata muda wa kukusomea kazi zako.

Tatu, uliza mtaala umepitiwa lini. Vyuo vya umma, pamoja na MUST hapo Iyunga, viliingia kwenye HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ambao serikali iliuanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Moja ya kazi zake ilikuwa kupitia mitaala upya kwa kuwasikiliza waajiri. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: wa kozi hii umeshapitiwa? Mliongea na waajiri gani? Kozi ya kilimo isiyojua kwamba Rungwe siku hizi inauza parachichi nje ya nchi imechelewa.

Nne, kama fani ina bodi, ulizia huko pia. Uhandisi una ERB, uhasibu una NBAA, udaktari una Baraza la Madaktari, uuguzi una baraza lake. Swali ni moja: mkiletewa mhitimu wa programu hii mnamsajili?

Tano, watafute waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita. Rungwe hatukosi mtu anayemjua mtu. Waulize field walikwenda wapi, msimamizi kutoka chuoni alifika au alipiga simu tu, na maabara ilikuwa na vifaa au picha za vifaa. Usiridhike na "chuo kizuri, utaenjoi".

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kile kipindi cha kuthibitisha kwa namba ya siri ndicho cha kutumia majibu hayo. Wengi mnathibitisha usiku wa mwisho kwa kufuata rafiki, halafu semesta ya pili mnaanza kunililia.

Najua mtaniambia, "Dada, mimi nina mkopo, chuo chochote kitanifaa." Sikiliza. Bodi ya Mikopo ikianza kukata inakata asilimia 15 ya mshahara wako, na haitauliza kama ulifundishwa vizuri. Digrii dhaifu na digrii imara zinalipiwa deni lile lile. Na siku hizi ukienda serikalini unakutana na usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Hata walimu, ambao zamani walikuwa wanapangiwa vituo tu, sasa wanaitwa kwenye usaili. Cheti kitakufikisha mlangoni, humo ndani utabaki na ulichokijua.

Ninyi ambao tayari mko vyuoni, msicheke. Kuna kazi ya kuboresha programu ambayo hakuna atakayeifanya isipokuwa ninyi. Mwisho wa semesta mnaletewa fomu ya kumtathmini mhadhiri. Najua mnavyoijaza: "vizuri sana" kuanzia juu mpaka chini, dakika moja, mnakimbilia bumu. Yule lecha aliyefundisha vipindi vitatu semesta nzima naye mnampa vizuri sana, kisha mnamsengenya kantini. Fomu ile huingia kwenye kumbukumbu za idara, na wakaguzi wakija ni moja ya vitu wanavyoviomba. Mkiandika uongo, mmeifungia programu yenu njia ya kurekebishwa. Andikeni kwa adabu, lakini andikeni kilichotokea: vipindi vilivyofanyika, mada zilizorukwa, mtihani uliotungwa nje ya mtaala. Mkiogopa kuonekana, pitieni kwa mwakilishi wa darasa lenu (CR) au serikali ya wanafunzi mkiwa wengi.

Na madesa jamani. Desa la kaka aliyemaliza 2019 si kosa kulisoma. Kosa ni darasa zima kuishi kwa desa moja mpaka mhadhiri naye anatunga mtihani wa mwaka juzi. Siku mtahini wa nje anakuja kupitia majibu yenu, anaona karatasi 200 zenye sentensi zile zile. Unadhani ataandika nini kwenye ripoti?

Waliohitimu pia wana sehemu yao. Chuo kikikutumia dodoso kuuliza uko wapi na unafanya nini, usilipuuze. Kama ulikaa miaka miwili bila kazi, sema. Kama umejiajiri kwenye ufugaji wa ng'ombe wa maziwa na hakuna ulichokitumia kutoka darasani, sema hivyo hivyo. Madodoso hayo ndiyo yanayowaambia wanaopitia mtaala kipi kikatwe na kipi kiongezwe. Mdogo wako anayemaliza sekondari mwakani atasoma kwa mtaala uliousaidia wewe au uliounyamazia.

Neno kwa wazazi: shikamooni. Tafadhali msiwalazimishe watoto kozi kwa sababu mtoto wa jirani alisoma hiyo akapata gari. Wala msiwakataze kwenda Mtwara au Dodoma kama programu nzuri iko huko. Nauli inauma mara chache kwa mwaka, lakini digrii isiyo na kitu itamuuma mtoto muda mrefu.

Na wewe mdogo wangu, kabla dirisha la udahili halijafunguka, chukua daftari, andika programu tatu unazozitaka, na chini ya kila moja jibu yale maswali matano. Ile isiyojibika hata moja, ifute. Chuo kitakachokasirika kwa sababu umeuliza hakistahili ada ya mama yako.