Bima ya Motokaa Iliyoandikwa Jina la Mtu Mwingine

Wakulima wengi wa skimu hununua pikapu kuukuu ili kupelekea maziwa na viazi sokoni. Bei hupatanwa, fedha hulipwa, funguo hutolewa, na kila mtu huenda zake. Lakini kitabu cha motokaa, yaani logibuku, hubaki na jina la aliyeuza, mwaka wa kwanza hata wa tatu. Halafu mkulima huja ofisini kwetu, ingawa kazi yetu ni mbegu na mbolea, akauliza, "Bwana Karani, naweza kukata bima ya motokaa isiyo na jina langu?"

Tuanze na sheria. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yakataza mtu kuendesha motokaa barabarani, au kumruhusu mwingine aiendeshe, bila bima ya kuwalinda watu wengine. Haisemi kwamba mwenye kukata bima lazima awe yule aliyeandikwa kitabuni. Lakini bima ina kanuni yake ya zamani: mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye atapata hasara. Wewe uliyelipa fedha utapata hasara. Aliyekwisha kuuza na kulipwa hapati. Kwa hiyo hati ya bima ya aliyekuuzia isikutie moyo. Bima ni mapatano ya kampuni na mtu. Haiuzwi pamoja na motokaa kama matandiko na punda.

Basi yawezekana, ila ni lazima useme kweli. Iambie kampuni kwamba kitabu kina jina la fulani, na uonyeshe mapatano ya kuuziana yaliyotiwa sahihi. Kampuni nyingine zitakataa. Afadhali zikatae leo. Tuseme umeandika katika fomu kwamba kitabu ni chako, kisha pikapu ikamgonga mtoto njiani. Kampuni yaweza kwenda mahakamani kuomba iondolewe wajibu wa kulipa kwa sababu ulificha jambo kubwa. Hapo mzazi wa mtoto atadai kwako, na cha kulipia ni ng'ombe wako.

Taja pia kazi ya motokaa. Bima ya matumizi ya nyumbani si bima ya kubeba viazi vya majirani kwa malipo. Na ile bima ndogo ya thadi pati hulipa watu walioumia au kufa, kwa kiasi ambacho sheria imeweka mwisho wake kuwa shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Pikapu yako ikipinduka hailipi hata taa.

Aliyeuza naye asilale. Sheria ya Barabarani humhesabu mwenye jina kitabuni kuwa ndiye mwenye motokaa mpaka ithibitishwe vingine. Mapatano ya kuuziana yaweza kuthibitisha, na Mahakama ya Rufani ilikubali ushahidi wa namna hiyo mwaka 2005, lakini nani apendaye kusafiri kwenda kortini kwa ajili ya motokaa aliyoiuza zamani?

Dawa yenyewe ni kubadili jina. Sheria hairuhusu motokaa iliyouzwa itumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajaandikwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa eCitizen: mwenye kuuza huanzisha, mnunuzi hukubali. Kwa sababu yeye ndiye anayeanza, usimpe fedha zote kwanza. Zuia sehemu mpaka jina lihame.

Shida kubwa zaidi ni motokaa ya marehemu. Mzee amefariki, kitabu kina jina lake, na kijana anaendesha kila asubuhi kwenda kwenye maziwa. Mtoto hana mamlaka ya kubadili jina kwa kuwa mtoto tu. Familia yapaswa kwanza kupata mahakamani hati ya kusimamia mali ya marehemu. Wakati wa kungoja, mwambieni mwenye bima kwamba mzee hayupo tena, na jibu lake mlipate kwa maandishi kabla pikapu haijatoka uani.