Anza na kitunguu

*Nina miaka 19, naishi Malolo, Kilosa. Nikinakili sura za watu kutoka kwenye simu zinapendeza, lakini nikimkalisha mdogo wangu mbele yangu, jicho moja linapanda na kichwa kinakuwa bapa kama sahani. Mwalimu wa kuchora huku hakuna. Je, nimekosa kipaji?*
*Kijana wa Malolo*

Mwanangu, habari za kipaji tuziweke kando. Picha ya simu imeshalazwa bapa tayari, kazi yako ni kufuata mistari tu. Mdogo wako ana kisogo usichokiona, na hapo ndipo mkono unapopotea. Hujazoea kuchora unene wa kitu.

Bahati yako unaishi panapolimwa vitunguu. Chagua kimoja, kiweke karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja. Usikimbilie ukingo wake. Tazama ile mistari myembamba ya ganda: inatoka kwenye mizizi, inatanuka tumboni, kisha inakutana shingoni. Wa katikati umenyooka, wa pembeni umepinda. Chora hiyo, nawe utaona karatasi inaanza kuvimba. Kesho kilaze. Keshokutwa kikate katikati, uchore zile duara zilizobanana. Kivuli kiache kwa wiki ya kwanza.

Kabla ya kitunguu, kila siku, pasha mkono moto kwa dakika tano. Weka nukta mbili, pitisha kalamu hewani mara kadhaa kati yake, kisha vuta mstari kwa mkupuo mmoja, mkono ukitokea begani. Ukikosea, acha kosa lilivyo, vuta mwingine. Ndiyo maana nakuomba utumie kalamu ya wino: raba inakuibia muda, na inakuficha kosa ambalo ungelisoma kesho. Jaza pia ukurasa wa midomo ya sufuria, ukiitazama kutoka juu, kisha ukiinama mpaka duara lile linakaribia kuwa mstari.

Vincent van Gogh alishika uchoraji kwa dhati mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na alirudia mazoezi ya kitabu cha kuchora cha Charles Bargue tena na tena. Wewe umemtangulia kwa miaka minane. Karatasi nzuri nayo usiisubiri. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Daftari la shule linatosha kabisa.

Andika tarehe kila ukurasa. Ukishafika ukurasa wa 30, mwite tena mdogo wako, akae palepale dirishani. Macho yaache kwanza. Chora kichwa kizima kama ulivyochora kitunguu, kisha vuta mstari mmoja unaozunguka usoni kutoka sikio hadi sikio. Macho yote mawili yatakaa juu ya mstari huo.