Jinsi ya Kurekebisha Alama Mbaya ya Mkopo

Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kujua kwamba ana alama mbaya ya mkopo. Hulifahamu jambo hilo siku anapohitaji fedha kwa dharura: karo ya mtoto inadaiwa, au mgonjwa amelazwa hospitalini, naye anaambiwa kuwa ombi lake la mkopo limekataliwa. Mara nyingine chanzo ni deni dogo la simu lililosahauliwa, au kosa la kumbukumbu ambalo hakuna aliyelisahihisha. Katika somo hili tunaeleza hatua ambazo mkopaji nchini Kenya anaweza kuzichukua mwenyewe, pasipo kumlipa wakala yeyote.

Maana ya kuorodheshwa

Benki Kuu ya Kenya imeyapa leseni mashirika matatu ya marejeleo ya mikopo, maarufu kama CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mashirika haya hupokea taarifa za wakopaji kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine walioruhusiwa, kisha huzitumia kukadiria iwapo mtu ataulipa mkopo ujao. Makadirio hayo ndiyo alama ya mkopo.

Wengi hudhani kwamba jina kupatikana CRB ni aibu. Sivyo. Taarifa njema hupelekwa huko pamoja na mbaya. Kinachodhuru ni taarifa mbaya, hasa ya mkopo ambao malipo yake yamechelewa kwa zaidi ya siku 90.

Hatua ya kwanza: soma ripoti yako

Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kila mwaka. Omba ripoti kwa kila shirika, kwa kuwa kumbukumbu zao huenda zisilingane. Unapoisoma, kagua mambo yafuatayo:

1. Je, jina na nambari ya kitambulisho ni vyako?
2. Je, kuna mkopo ambao hukuuchukua wala kuudhamini?
3. Je, kuna deni ulilolimaliza ambalo bado linaonyeshwa kuwa halijalipwa?
4. Je, umeorodheshwa vibaya kwa deni lisilofika Sh1,000? Kanuni za mwaka 2020 zinakataza jambo hilo.
5. Je, mkopeshaji alikuarifu siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya, kama anavyotakiwa?

Hatua ya pili: pinga kosa kwa maandishi

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli zinazomwathiri. Liandikie shirika lililotoa ripoti, utaje kosa lenyewe, na uambatishe ushahidi: risiti, ujumbe wa malipo ya simu au taarifa ya akaunti. Mpelekee mkopeshaji nakala, nawe ubaki na nakala yenye tarehe. Shirika hutakiwa kuonyesha katika ripoti kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, na kumtaka mkopeshaji aithibitishe. Usiporidhika, peleka malalamiko yako kwa Benki Kuu.

Hatua ya tatu: lipa deni la kweli

Ikiwa taarifa ni ya kweli, hakuna barua itakayoifuta. Dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, kabla ya kulipa, mwombe mkopeshaji hesabu inayotenganisha fedha ulizokopa, riba na ada nyingine.

Kwa mikopo ya benki, Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kimeweka kikomo. Tuchukue mfano wa mkopaji aliyebakiza Sh20,000 za mkopo wenyewe wakati mkopo ulipotangazwa kuwa haulipiki. Riba atakayodaiwa haiwezi kuzidi Sh20,000 nyingine. Akidaiwa Sh55,000, ana haki ya kuuliza zile Sh15,000 za ziada zimetoka wapi, kwa kuwa zaidi ya Sh40,000 benki inaweza kudai tu gharama ilizotumia kulifuatilia deni hilo.

Usione haya kuomba punguzo au muda zaidi. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambapo wakopeshaji walitakiwa kupunguza kwa angalau asilimia 50 mikopo ya simu iliyokuwa imeshindwa kulipwa. Mpango huo ulimalizika Mei 2023, lakini ulithibitisha kwamba deni lililokwama linaweza kujadiliwa. Mapatano yawe kwa maandishi kabla ya kutoa shilingi yoyote. Wala usiache mkopo unaolipika vizuri uharibike ili kumaliza ule wa zamani. Utakuwa umeziba tundu kwa kutoboa jingine.

Hatua ya nne: hakikisha kumbukumbu zimebadilishwa

Ukimaliza kulipa, dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Baadaye omba ripoti tena uone kama deni linaonyeshwa kuwa limelipwa. Jambo moja lieleweke: historia ya kuchelewa huhifadhiwa kwa miaka mitano tangu siku ya kumaliza deni. Kwa hiyo anayeahirisha kulipa huahirisha pia siku ya historia hiyo kuondolewa. Hata hivyo, mkopeshaji hulitazama deni lililolipwa kwa jicho tofauti na lile linaloendelea kudaiwa.

Hatua ya tano: jenga upya

Alama hupanda kwa mwenendo mwema unaoonekana kwa muda. Chukua mkopo mdogo tu unaoumudu, na uulipe kabla ya tarehe yake. Usiombe kwa wakopeshaji wengi kwa wakati mmoja. Usimdhamini mtu ambaye hungeweza kumlipia, na usimwazime mtu yeyote kitambulisho wala laini yako ya simu.

Tahadhari

Wapo watu wanaodai kwamba wanaweza kusafisha jina lako CRB kwa siku moja, ukiwatumia pesa na nambari ya siri. Hawana uwezo huo. Kosa husahihishwa kwa ushahidi ulioupeleka mwenyewe, na deni humalizwa kwa kumlipa anayekudai. Pesa utakazowapa matapeli hao hazitapunguza deni lako hata kwa shilingi moja.

Maswali ya kujipima

1. Mara ya mwisho uliisoma ripoti yako lini?
2. Ni risiti zipi za mikopo uliyomaliza ambazo bado unazo?
3. Ukidaiwa leo, je, unajua ni kiasi gani ni mkopo wenyewe, na ni kiasi gani ni riba?