NAFUU SI KUPONA



Leo tunajifunza juu ya kushika azma. Kuanza jambo ni rahisi. Kazi ni kulimaliza. Tutatazama mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sababu kwake yeye kuacha njiani kunaweza kuleta kifo.

Kifua kikuu huletwa na vijidudu. Vijidudu hivyo huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Dawa zake zipo, na katika vituo vya serikali nchini Tanzania hutolewa bure. Zamani tiba ilichukua mwaka 1 au zaidi. Siku hizi kwa kawaida ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina 4. Miezi 4 inayofuata humeza dawa za aina 2.

Mahali pagumu

Tuseme mkulima ameanza dawa mwanzoni mwa Novemba. Amekonda na anakohoa usiku kucha. Siku hizo hahitaji kuhimizwa. Ugonjwa wenyewe unamhimiza.

Inapofika Januari kikohozi kimekwisha. Anakula vizuri na ameshika jembe tena. Ni wakati wa palizi, kazi ni nyingi. Anasema moyoni, "Nimepona. Vidonge vya nini tena?" Hapo ndipo azma yake inapopimwa.

Vijidudu vingi hufa wiki za mwanzo. Lakini vingine hubaki mwilini kama vimelala. Dawa huviua polepole. Mkulima anajua kwamba palizi moja haimalizi magugu. Asiporudi shambani mara ya pili, magugu humea tena. Vijidudu navyo ni hivyo hivyo. Mgonjwa akiacha dawa, vilivyobaki huzaliana. Vingine huwa sugu, yaani dawa za kawaida haziviui tena. Na vijidudu sugu anaweza kuwaambukiza watoto wake.

Namna ya kushika azma

Usitegemee moyo peke yake, kwa kuwa moyo huchoka. Weka mipango tangu siku ya kwanza:

1. Meza dawa kila siku saa ile ile. Iunganishe na jambo unalolifanya kila siku, kama kupiga mswaki asubuhi.

2. Chagua mtu wa nyumbani akuone ukimeza. Awe mtu ambaye huwezi kumdanganya.

3. Weka alama kwenye kalenda kila umezapo. Siku isiyo na alama itakuonya.

4. Ukisafiri kwenda msibani au mnadani, chukua dawa zako. Safari ikiwa ndefu, waarifu wa zahanati mapema.

5. Ukisahau siku moja, usikate tamaa na usimeze dozi mbili pamoja. Nenda zahanati uulize.

6. Acha pombe. Pombe pamoja na dawa hizi huumiza ini, tena mlevi husahau.

Mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, usiogope. Ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, au ukitapika sana, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Nani aseme umepona?

Kupona hakujulikani kwa kupata nguvu tu. Makohozi hupimwa wakati wa tiba na mwishoni mwake. Mganga ndiye atakayekuambia uache dawa. Kwa mkulima wetu, siku hiyo itakuwa mwisho wa Aprili, mahindi yakikaribia kukauka.

Jirani naye asimcheke mgonjwa wala kumtenga. Amkumbushe, na siku ya zahanati amsaidie palizi.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mgonjwa huacha dawa anapopata nafuu?
2. Kijidudu sugu ni kijidudu gani?
3. Katika kijiji chetu, tumsaidieje mgonjwa amalize miezi 6?